Maswali ya Wasomaji: Mashushushu na Mapenzi Katika Filamu Moja

SWALI: Wahariri, shikamooni. Sisi ni kikundi cha vijana wa Temeke. Tunaandaa filamu fupi ya dakika 20, kichekesho cha mapenzi chenye mashushushu ndani yake, kama zile za zamani za Waingereza. Mswada una kurasa 40, lakini kila anayeusoma anasema mapenzi hayaonekani na ujasusi haueleweki. Tumekosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kwanza kurasa. Ukurasa mmoja wa mswada uliopangwa kitaalamu hukaribia dakika moja ya filamu, kwa hiyo nusu lazima iondoke. Anzeni kukata maelezo ya siri yenyewe.

Tazameni The 39 Steps ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1935. Siri inayogombewa ni ufundi wa injini ya ndege isiyopiga kelele, na tunaelezwa hivyo mwishoni kabisa, kwa maneno machache. Haitusumbui, maana muda wote tunawafuata Hannay, mwanamume anayesingiziwa mauaji, na Pamela, mwanamke asiyemwamini: watu wawili wasiopatana waliofungwa pingu moja. Katika riwaya ya John Buchan ya 1915 Pamela hayumo; filamu ndiyo iliyomleta, na uamuzi huo ndio uliozaa utamu wote.

Irudieni mara kadhaa sini (onyesho) ya nyumba ya wageni. Soksi za Pamela zimelowa, anazivua, na mkono wa Hannay unaburutwa kila mkono wa Pamela unakokwenda. Hakuna neno la mapenzi linalotamkwa. Hannay anapolala, Pamela anachomoa mkono kwenye pingu, anatoka atoroke, na nje ya chumba anawasikia majasusi wakipiga simu. Anajua sasa kwamba Hannay alikuwa akisema kweli. Angeweza kwenda zake, lakini anarudi chumbani. Mtazamaji anajua kwamba Pamela ameujua ukweli, Hannay bado hajui hilo. Kicheko na mapenzi vyote vinatoka kwenye pengo hilo.

Basi kila sini ya mashushushu iulizeni: inawalazimisha hawa wawili kufanyiana nini? Ikikosa jibu, ikateni hata kama ina mbio za bodaboda.

Mkitumia pingu, fungeni mkono wa kulia wa mmoja na wa kushoto wa mwenzake. Kulia kwa kulia hawawezi kutembea bega kwa bega. Pigeni picha ya mikono kabla ya kila shoti (kipande kinachorekodiwa bila kukatiza), la sivyo pingu itahama mkono wakati wa kuhariri. Pingu nyepesi za maigizo zinatosha, mlio wa chuma utaongezwa baadaye.

SWALI: Tunaweza kurekodi kwenye pantoni la Kigamboni?

JIBU: Ombeni kwanza kibali cha Bodi ya Filamu, na ruhusa ya wasimamizi wa kivuko. Msimvalishe mtu sare za polisi hadharani bila idhini.

Adui mkubwa pale ni sauti. Injini na upepo hula maneno, na kwa kuwa safari ni ya dakika chache, nyuma ya waigizaji mji unabadilika kila shoti. Humo rekodini shoti pana zisizo na maneno: kupanda, kutafutana katikati ya abiria, kujificha nyuma ya magari. Mazungumzo yafanyieni nchi kavu, pembeni ya ukuta usiotambulika, maiki ikiwa imefichwa chini ya nguo. Kisha rekodini dakika moja ya mngurumo wa pantoni peke yake, muutandaze chini ya mazungumzo hayo.