Twende tukajenge au tutume hela? Niliyoyaona New Orleans nikiwa na timu ya kanisa

Wakuu, salaam. Na Bwana asifiwe kwa wale tunaosalimiana hivyo.

Mtoa mada anasema kanisa lao hapa Texas limealikwa kupeleka vijana 16 kwa wiki moja, wakasaidie kujenga upya mtaa wa mjini uliopigwa na kimbunga. Baadhi ya wazee wa kanisa wanapinga. Wanasema mafuta ya gari na chakula cha watu 16 ni hela nyingi, heri ichangwe itumwe huko ikalipe mafundi. Ameomba aliyewahi kwenda aseme ukweli. Mimi nimekwenda mara tatu, 2007, 2008 na 2010, mara zote New Orleans, mtaa unaoitwa Lower Ninth Ward. Nitaeleza kwa urefu, pamoja na kosa moja tulilolifanya ambalo mpaka leo nikilikumbuka moyo unaniuma.

Kwanza mtaa wenyewe. Kimbunga Katrina kilipiga tarehe 29 Agosti 2005. Mtu akisikia kimbunga anafikiria upepo na mabati kuruka, lakini Lower Ninth iliharibiwa na maji. Mtaa umepakana na mfereji wa meli, Industrial Canal, na ukuta wa mfereji ule ulipoanguka asubuhi ile, maji yaliingia kwa nguvu ya kung'oa nyumba kwenye msingi na kuibamiza kwenye nyumba ya jirani. Tishari zima la chuma lilipita kwenye pengo likatua juu ya makazi ya watu. Karibu asilimia 80 ya jiji ilikuwa chini ya maji, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kuta za baadhi ya mifereji mingine zilianguka kwa sababu ya usanifu mbovu. Kwa hiyo msiende huko na ile dhana ya "mapenzi ya Mungu" mdomoni. Wenyeji wanajua kabisa kwamba ukuta ulijengwa na binadamu.

Tulifika Machi 2007. Mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita, nami nilitegemea kukuta mchanga, kokoto na kelele za misumeno. Karibu na mfereji sikukuta nyumba. Kulikuwa na ngazi za saruji, tatu au nne, zinazopanda kutoka kwenye majani halafu basi, zinaishia hewani. Ukienda ndani zaidi ya mtaa nyumba zilikuwa zimesimama, nyingi zimefungwa, na vitu humo ndani viko vilevile maji yalivyoviacha. Kwenye kuta za mbele kulikuwa na alama kubwa ya X ya rangi ya kupuliza. Waokoaji waliiandika walipopita nyumba kwa nyumba: upande mmoja tarehe, mwingine jina la kikosi, mwingine hatari iliyomo, na chini idadi ya maiti waliokutwa. Nyumba yetu iliandikwa 0. Hakuna aliyetuambia tufanye hivyo, lakini kila mmoja wetu alipoiona ile sifuri alisimama kidogo kabla ya kuingia.

Tulikuwa 14 kutoka Houston. Kanisa lililotupokea lilitulaza ukumbini kwenye vitanda vya kukunja, na Jumatatu tuliyofika akina mama wa pale wakatupikia maharage mekundu na wali. Ndiyo desturi ya jiji lile, maharage na wali kila Jumatatu. Wabongo tulikuwa watatu kwenye timu na tulijisikia tumefika nyumbani.

Kazi tuliyopewa ilikuwa kuivua nyumba. Nyumba za kule ni za mbao, na kwa ndani zimepigwa bodi za jipsamu. Bodi ikishalowa imekwisha, inaota ukungu mweusi mpaka nyuma. Kwa hiyo unatoa kila kitu. Unaanza na fanicha na nguo. Friji unalizungushia utepe wa gundi na kulitoa bila kulifungua, maana nyama ya mwaka juzi imo humo. Halafu unashika mtaimbo unabomoa bodi, unatoa ile sufi ya kuzuia joto, unang'oa misumari mmoja mmoja mpaka zibaki nguzo za mbao tupu. Zinakwanguliwa, zinapuliziwa dawa ya kuua ukungu, zinaachwa zikauke ndipo watu wafikirie kujenga. Mmevaa ovaroli, gambuti, miwani na barakoa nzito, na jasho linajaa ndani ya miwani hadi huoni. Kila kitu kinarundikwa pembeni mwa barabara, kisha kijiko (ile mashine ya kuzolea) na lori vinapita kuzoa.

Sasa kosa letu. Mwenye nyumba alikuwa bibi wa miaka sabini na kitu. Tangu kimbunga alikuwa Houston kwa binti yake, kama wengi waliokimbilia huku kwetu. Alikuwa anakuja kwa basi na angefika Jumanne mchana. Wenyeji wetu walituambia wazi kwamba timu haianzi mpaka mwenye nyumba awepo. Lakini tulikuwa na siku nne tu za kazi, watu 14 wamekaa na mitaimbo mikononi, na kiongozi wetu akaona nusu siku itapotea. Wote tulikubaliana naye, mimi nikiwemo. Tukaanza saa mbili asubuhi.

Bibi alipofika tulikuwa tumemaliza jiko na vyumba viwili. Tulikuwa na fahari kweli, tunamsubiri afurahi. Alishuka kwenye gari, akaliangalia lile lundo lililopita urefu wa mtu, kisha akauliza swali moja: "Kopo la biskuti la juu ya kabati la jikoni mmeliweka wapi?"

Kimya. Kisha kijana mmoja wa miaka 17 akasema kwa sauti ndogo kwamba aliona kopo limeliwa na kutu, limegandana na vyombo, akalitupa na toroli la kwanza. Toroli la kwanza maana yake chini kabisa.

Bibi hakutugombeza. Aliomba ndoo, akaigeuza, akaikalia pembeni ya lundo, akasema tuanzie upande wa kushoto. Tulifukua kwa mikono saa tatu na zaidi, kwa sababu beleshi lingeweza kulipasua kopo, huku tukisikia kijiko kikifanya kazi mtaa wa pili na kila mmoja akiomba kisigeukie kwetu. Aliyelipata ni yule yule kijana. Kutu ilikuwa imekifunga kifuniko, tukakifungua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko risiti za kodi ya jengo kuanzia miaka ya hamsini, zote kwa jina la baba yake, na karatasi ya mauziano ya kiwanja. Zilikuwa zimeshikana kama chapati zilizopangwa zikiwa za moto. Alitukataza kuzitenganisha. Tulizilaza katikati ya magazeti pale ukumbini, feni ikapuliza usiku tatu, ndipo mama mmoja wa kanisa akazibandua moja moja kwa kisu cha siagi. Wino ulikuwa umesambaa, lakini namba ya kiwanja na jina vilisomeka.

Kwa nini karatasi zile zilikuwa na uzito hivyo? Hapa ndipo Mswahili anaelewa haraka kuliko Mmarekani wa kawaida, kwa sababu ni habari ya mirathi ile ile ya kwetu. Baba alinunua kiwanja, akajenga, akafariki. Hakuna aliyekwenda kubadilisha jina, maana nyumba ni yetu, nani atatuuliza? Bibi akaendelea kukaa na kulipa kodi kwa jina la marehemu, na ndugu zake wametawanyika majimboni. Lower Ninth ilikuwa imejaa nyumba za namna hiyo. Watu walimiliki kwa vizazi bila deni la benki, lakini hati haina jina la aliye hai. Baada ya Katrina serikali ikasema msaada upo, lete uthibitisho kwamba nyumba ni yako. Wengi walikwama hapo, miaka imepita na nyumba inaoza. Bibi alipata wanasheria wa kujitolea wakamfungulia mirathi, na karatasi za kwenye kopo ndizo walizoanza nazo. Fikirieni kama kijiko kingepita kwetu kwanza. Tungekuwa tumetoka Houston, kilomita zaidi ya 500, kwenda kumsaidia mtu apoteze nyumba.

Na hata aliyekuwa na karatasi hakuwa salama. Mpango mkubwa wa fedha wa jimbo la Louisiana, uliojulikana kama Road Home, ulikuwa na kikomo cha dola 150,000, na hesabu yake ilichukua kiasi kilicho kidogo kati ya gharama za kujenga upya na thamani ya nyumba kabla ya kimbunga. Bodi, misumari na fundi vina bei ile ile jiji zima. Lakini nyumba ya Lower Ninth, mtaa wa watu weusi, sokoni ilihesabiwa thamani ndogo kuliko nyumba kama hiyo hiyo kwenye mtaa wa weupe, kwa hiyo mara nyingi mwenye nyumba alipewa hela isiyotosha kumaliza kazi. Watu walikwenda mahakamani, kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 2011, miaka sita baada ya maji. Niliposikia hayo nilielewa kwa nini mtaa ule ulihitaji timu za makanisa mwaka hadi mwaka wakati mitaa mingine ilishapakwa rangi.

Alhamisi, bibi akiwepo, kazi ilikwenda vizuri kuliko siku zote. Kila kitu kilipita mbele ya ile ndoo yake. Hiki tupa, hiki osha, hiki mpe jirani. Darini tulikuta shoka, na kijana mmoja akauliza shoka linafanya nini darini. Bibi akaeleza kwamba mwaka 1965 kimbunga Betsy nacho kiliuzamisha mtaa huo huo, watu wakapanda darini kuyakimbia maji, maji yakawafuata, na paa halitoboki kwa mikono. Tangu hapo baba yake aliweka shoka mle na kuwaambia watoto wasilishushe kamwe. Tulimwuliza tulipeleke wapi. Akasema lirudi darini.

Basi nijibu swali. Mtoa mada, wazee wenu wana hoja, lakini inategemea nyumba imefika hatua gani. Kama bado zinavuliwa, nendeni. Kazi ile inataka mikono mingi na haidai cheti. Wakandarasi walikuwa wanatoza maelfu ya dola kwa nyumba moja kuivua tu, na kwa mtu asiye na bima hiyo peke yake ilitosha kumkatisha tamaa.

Kama mnaitwa kupiga bodi na kumalizia, hapo fikirieni sana. Mwaka 2008 tulipewa nyumba ya mzee mmoja tupige bodi na skimu, yaani kulainisha kuta. Kati yetu aliyewahi kushika mwiko ni mimi na mwenzangu mmoja. Tulijitahidi, tuliimba, tulisali, na maungio yalitoka na mawimbi. Wiki iliyofuata fundi alilipwa kuyarudia. Hela ya mafuta yetu ndiyo ingemlipa tangu mwanzo. Na umeme na mabomba msiguse kabisa, kule ni lazima fundi mwenye leseni.

Mwaka 2010 tulifanya tofauti. Tulikwenda wanne tu tunaojua kazi, na wengine waliotaka kwenda wakatoa nauli zao zikamlipa fundi umeme. Nyumba ilikuwa ya bibi yule yule. Hati ilishatoka kwa jina lake. Tulimpigia bodi za jiko, na alikuwa amekwisha chagua mahali pa rafu ya lile kopo: juu ya mlango, usawa ambao hata mtu mrefu anahitaji kigoda.

Kabla hamjathibitisha, muulizeni anayewaalika: nani atabaki na nyumba hiyo mkishaondoka? Mwenye nyumba atakuwepo siku ya kwanza? Kama hayupo, mnaweza kuongea naye kwa simu kabla hamjagusa kitu? Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, tafuteni mwenyeji mwingine. Chanjo ya pepopunda kila mtu apate mapema, misumari ya kutu haina mchezo. Nyumba za kabla ya 1978 zinaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi (lead), hivyo watoto wasikwangue ukuta. Na picha waacheni vijana wapige jioni wakila, si mtu akiwa amesimama kwenye chumba chake kilichooza.

Mimi nipo Houston, na kwenye gereji yangu kuna ovaroli tisa, mitaimbo minne na toroli moja. Kama mnakwenda, nitumie ujumbe mje mvichukue. Mkirudi mtavirudisha, vitahitajika tena.