Ukitoka Mbeya kwa treni, usimwambie mwenyeji wako "nipokee stesheni"

Mara ya kwanza kwenda Dar kwa treni nilipandia Iyunga na gunia la mchele wa Kyela, zawadi ya dada yangu anayeishi Tabata. Nikampigia: "Dada, nipokee stesheni." Treni ikachelewa njiani, simu ikaisha chaji kabla hatujafika. Nikashuka, nikajibanza kivulini na gunia langu, kamba ya katani imeshanichubua viganja. Nilisubiri zaidi ya saa mbili. Kumbe dada yuko Stesheni ya mjini, ile ya reli ya kati, ananitafuta kwa kila anayeshuka.

Tangu siku hiyo kila ndugu anayesafiri namkalisha chini kwanza. Dar ina reli tatu, na kila moja ina upana wake: TAZARA, yaani reli ya Tanzania na Zambia, milimita 1,067, reli ya kati milimita 1,000, SGR, ile reli mpya ya umeme, milimita 1,435. Treni inayotoka huku kwetu haiwezi kuendelea mpaka Stesheni hata dereva angetaka. Inaishia stesheni ya TAZARA, pale barabara ya Nyerere inapokutana na Mandela. Mtajie mwenyeji wako jina hilo, TAZARA, na ulirudie mara mbili. Ukiwa peke yako, daladala za Nyerere zitakufikisha Kariakoo, za Mandela zitakupeleka Buguruni na Ubungo.

Zipo pia treni za mjini. Zilianza Oktoba 2012, moja ikitoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa, nyingine TAZARA kwenda Mwakanga, na watu wakaziita treni ya Mwakyembe, aliyekuwa mbunge wa Kyela na Waziri wa Uchukuzi wakati huo. Baadaye ikaja ya Pugu. Dada yangu anazipenda kweli, maana foleni ya Buguruni haimhusu tena. Lakini zimepangwa kwa ajili ya watu wa kazini, asubuhi na jioni. Ukifika saa saba mchana usizitegemee, na jioni usijaribu kupanda na gunia. Watu wamebanana mpaka mlangoni, utawaumiza na wewe utaumia. Chukua bajaji.

Ndugu zangu wa Iringa, mjini kwenu reli haifiki, ila msikate tamaa. Tangu 2024 SGR inabeba abiria kati ya Dar, Morogoro na Dodoma. Mimi nikipita Iringa kwa basi siku hizi nashukia Msamvu, stendi ya mabasi ya Morogoro, nachukua bodaboda mpaka stesheni ya SGR, na chini ya saa mbili niko Dar bila kuiona foleni ya Kibaha wala Kimara. Kata tiketi mapema na ubebe kitambulisho. Basi likichelewa kwenye kona za Kitonga, treni haikusubiri, kwa hiyo acha saa tatu za ziada kati ya basi na treni. Mimi huwa naziacha nne.