Tuanze na sisi wa nyumbani

Swali la wiki hii linauliza: kijana anayepata jina ghafla kwenye filamu, nani amsaidie asipotee? Wengi watataja makundi mabaya na pombe kuwa ndivyo vinavyompoteza. Mimi nawataja ndugu, na naanza na mimi mwenyewe.

Mtoto wa kaka yangu alipata nafasi kwenye tamthilia akiwa na miaka 21. Haikupita miezi miwili, daladala za Rangi Tatu zikawa hazipandiki. Abiria walimwita kwa jina la mhusika, makonda wakakataa nauli yake. Lakini alikuwa analipwa kwa siku za kurekodi tu. Tulipoanza kumwona kwenye TV kila jioni, kazi ilikuwa imekwisha zamani na hela yake imekwisha nayo. Tamthilia iliporudiwa hewani hakupata hata shilingi. Sisi hatukuyajua hayo kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Tuliona sura, tukahesabu hela.

Kwenye kamati ya harusi ya binti yangu nilimwandikia ahadi ya laki tano bila kumshirikisha. Akaitoa. Mwingine akamletea ada ya mtoto, mwingine bati za nyumba ya babu. Naye akahamia chumba cha bei kubwa Sinza, kwa sababu aliona haya staa kuonekana akitokea uchochoroni kwetu Mbagala. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba laki tano zangu zilitoka kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba kali, na marejesho yake aliyalipa kwa kukopa kwingine. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Shangazi, ningewaambiaje sina, na mnaniona kwenye TV?"

Sikulala vizuri usiku ule.

Tukakaa na kaka, tukaandika madeni yote kwenye daftari: milioni mbili na laki tatu. Tukatangaza kwenye kundi la ukoo kwamba kwa mwaka mzima asiombwe mchango wowote. Wapo walionuna. Kijana akarudi Mbagala.

Kilichomrudishia usingizi zaidi, hata hivyo, ni kujifunza. Mwigizaji wetu marehemu Steven Kanumba alipitia kwanza kundi la sanaa la Kaole, kwenye maigizo ya ITV, kabla jina lake halijavuka mpaka. Mwigizaji Mkenya Lupita Nyong'o alipata tuzo ya Oscar Machi 2014 kwa filamu yake ya kwanza kubwa, na mwaka uliofuata akapanda jukwaani New York, kwenye igizo ambalo enzi za masomo yake Chuo Kikuu cha Yale alikuwa mwigizaji wa akiba tu. Kwangu hilo ni jambo kubwa kuliko gauni la siku ile ya tuzo: dunia nzima inamtazama, yeye anarudi mazoezini. Wetu alichaguliwa kwa picha za Instagram, hajawahi kusimama mbele ya mwalimu. Sasa anasoma kozi fupi Bagamoyo, kule TaSUBa, chuo cha sanaa. Huko anakosolewa sauti na mwendo kama wenzake, na anarudi Jumamosi amechoka, anakula vizuri.

Wiki iliyopita ameletewa mkataba mwingine. Kauleta nyumbani kabla ya kusaini, tukausoma mstari kwa mstari. Malipo ya marudio hayakutajwa popote. Tumeandika swali hilo pembeni kwa kalamu nyekundu, na Jumatatu anakwenda kuliuliza, mimi nikiwa naye.