Kalamu ya kila siku imeanza kukwama: je, nibu imekwisha?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, Morogoro, na ni mpenzi mkubwa wa kalamu za wino. Ninayoipenda kuliko zote ni Lamy Safari yenye nibu, yaani ncha ya chuma ya kuandikia, nyembamba, naitumia kila siku tangu 2019 kwa maandalio ya masomo na barua. Mwaka jana wino wangu wa chupa ulikwisha. Duka la vifaa vya ofisini likaniuzia wino mweusi wa printa, wakaniambia wino ni wino, na huu nao ni wa maji. Kwa muda uliandika vizuri. Sasa asubuhi kalamu haianzi mpaka niitikise, na nikifika nusu ukurasa mstari unafifia. Mwenzangu anasema niiloweke kwenye spiriti. Fundi saa wa mtaani kwetu anasema nibu imelika, anataka kuipiga msasa. Je, imekwisha kwa sababu ya kutumika kila siku? Niwe naipumzisha?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nibu yako ni nzima. Usimpe mtu aipige msasa, wala usiitie kwenye spiriti.

Dalili ulizozieleza zinatosha kujua ugonjwa. Nibu iliyolika haikatai kuandika. Huandika, tena wakati mwingine kwa wingi kuliko zamani: mstari unanenepa, na ukiizungusha kalamu kidogo vidoleni unahisi ukingo mkali unakwaruza, kwa kuwa ncha imejichonga bapa kufuata mwinamo wa mkono wako. Kalamu inayogoma asubuhi na kufifia katikati ya ukurasa ina wino usiofika mbele. Isitoshe, mwisho wa nibu ya chuma kuna kipunje cha aloi ngumu kilichochomelewa pale. Wapenzi wa kalamu wanakiita iridiamu kwa mazoea, ingawa siku hizi mara nyingi kina rutheniamu, osmiamu au tangsteni. Karatasi ya daftari haikimalizi kwa miaka michache ya maandalio ya masomo.

Kilichoiumiza kalamu yako ni ile chupa.

“Wino ni wino.” Kati ya yote ninayoambiwa na watu wanaoniletea kalamu, hakuna linaloniudhi kama hili, kwa sababu husemwa na watu wanaouza wino na wala hawajajisumbua kujua wanauza nini. Tazama kazi inayofanyika ndani ya Safari yako. Hakuna kinachousukuma wino. Unashuka wenyewe kupitia mfereji mwembamba sana wa fidi, kile kipande cheusi cha plastiki kilicho chini ya nibu, huku hewa ikipanda kwenye konvata, yaani kile kichupa cha ndani kinachobeba wino, kuchukua nafasi yake. Wino mzito kidogo tu unakwama. Mwepesi mno unamwagika kwenye kifuniko. Usiku ukishafunika, wino uliobaki kwenye ufa wa nibu unatakiwa ubaki majimaji mpaka asubuhi, na ukikauka unatakiwa uyeyuke tena mara tu unapoguswa na wino mpya. Uwezo huo wa kuyeyuka tena ndio unaoifanya kalamu ya wino iweze kutumika miaka na miaka.

Wino wa printa umeundwa kwa kazi nyingine kabisa. Kichwa cha printa huurusha kwa nguvu: cha Epson kwa kipande kinachojikunja kikipata umeme, cha Canon kwa kuupasha moto ghafla mpaka tone linaruka. Ukitua kwenye karatasi unatakiwa ushike papo hapo na usitoke tena. Na ule mweusi wa printa nyingi za matangi haujayeyuka ndani ya maji. Ni chembe ndogo mno za masizi zinazoelea, mara nyingi pamoja na utomvu wa kuzigandisha karatasini. Printa ina utaratibu wake wa kujisafisha, na bado vichwa vyake huziba ikikaa likizo nzima bila kuchapa. Fidi yako haina utaratibu huo. Wino uliandika vizuri mwanzoni kwa sababu mifereji ilikuwa safi. Kila usiku tabaka jembamba likaganda, na tabaka hilo wino wa siku ya pili haukuweza kuliyeyusha. Mwenye duka anakumbuka wiki za kwanza tu, ndiyo maana anaendelea kuuza.

Hata watengenezaji wakubwa waliliheshimu jambo hili. Parker walitoa wino wao wa Quink mwaka 1931. Mwaka 1941 wakatoa kalamu ya Parker 51 pamoja na wino wake maalumu unaokauka haraka, mkali kiasi kwamba kwenye chupa waliandika onyo kuwa usitiwe katika kalamu nyingine yoyote. Mwili wa kalamu hiyo waliutengeneza kwa plastiki ya akriliki, ambayo iliuhimili wino huo kuliko seluloidi ya kalamu za wakati ule. Kampuni inayoishi kwa kuuza wino iliwaambia wateja wasiutie kila mahali. Basi wa duka la vifaa vya ofisini anapata wapi ujasiri wa kusema wino ni wino?

Wino wa mhuri nao usiujaribu. Umetiwa vitu vya kuuzuia usikauke kwenye kibweta, kwa hiyo karatasini utatapakaa na kuchafua mkono. Wino mweusi wa kuchorea, ule wenye utomvu wa shelaki, ni mzuri sana kwa nibu ya kuchovya inayofutwa kila ukimaliza. Ndani ya fidi hugeuka gundi.

Sasa spiriti. Mwenzako ana nia njema, lakini dawa hii imeua kalamu nyingi kuliko wino mbaya. Spiriti ikigusa plastiki ya uwazi, hasa akriliki, huiletea nyufa ndogondogo mithili ya utando wa buibui, na nyufa hizo hazirudi. Kwenye kalamu za zamani huyeyusha shelaki inayoshikilia mpira wa wino na kuziba viungo, halafu mwenye kalamu anashangaa kwa nini inavuja kila upande. Maji ya moto nayo hupinda seluloidi na kuigeuza eboniti nyeusi, ule mpira mgumu wa kalamu za zamani, kuwa na rangi ya matope. Sioni sababu ya kubahatisha, wakati maji baridi yanafanya kazi hiyo yakipewa muda. Tatizo la watu ni kwamba hawataki kutoa muda.

Na fundi saa wako, mwalimu, mshukuru kwa saa. Msasa wa mbao namba 120 una chembe zenye ukubwa wa takriban maikroni 125. Kipunje cha nibu nyembamba kina upana wa nusu milimita hivi, yaani maikroni kama 500. Piga hesabu ya jiwe lenye robo ya upana wa kitu unachotaka kukilainisha. Mafundi wanaolainisha nibu kwa heshima humalizia kwa karatasi zenye chembe za maikroni moja au chini ya hapo, chini ya lenzi, kwa mipigo michache, na kila mara wanasimama kuangalia. Kipunje kikiondoka hakirudi, na kinachobaki ni chuma laini kinachochimba karatasi. Tena mara nyingi nibu inayokwaruza haina kasoro yoyote ya ulaini: meno yake mawili yamepishana kidogo, jambo linaloonekana wazi kwa lenzi ya sonara na hurekebishwa kwa kucha. Anayeanza na msasa kabla ya lenzi hajui anachotibu. Usimkubalie pia anayetaka kupitisha wembe kwenye ufa wa nibu. Wembe hukata na kupanua.

Kuhusu kuipumzisha: hapana. Kalamu ya wino hupenda kazi. Inayotumika kila siku wino wake unatembea, haupati nafasi ya kuganda. Inayokufa ni ile iliyojazwa, ikafungwa, ikawekwa drooni kusubiri siku maalumu. Maji ya wino hupotea polepole hata kifuniko kikiwa kimefungwa, na katika joto letu hupotea upesi zaidi; kinachobaki ni wino uliokolea. Ukijua hutaitumia kwa wiki tatu, imwage, isafishe, iweke tupu. Na kama una kalamu nyingi unazozipenda, usijaze zote. Mbili au tatu zinatosha kwa wakati mmoja, nyingine zikae safi.

Kuiokoa hiyo uliyonayo, chomoa konvata. Ijaze na kuimwaga kwa maji safi ya baridi hadi yatoke meupe. Kisha simamisha sehemu ya mbele, nibu ikiangalia chini, ndani ya glasi ya maji yaliyotiwa tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, na uiache usiku kucha. Asubuhi badilisha maji. Kwa wino wa kawaida siku moja ingetosha. Kwa huu wako tegemea siku kadhaa, na usikate tamaa ukiona maji yanatoka kijivu siku ya tatu. Bomba la sindano lisilo na sindano, likibanwa pale konvata inapoingia, linasaidia kusukuma maji taratibu. Suuza sabuni yote itoke kabisa, maana ikibaki wino utashuka kama umefunguliwa bomba. Mwisho ifunge nibu kwa karatasi laini, iache imesimama kichwa chini siku nzima mpaka karatasi isitoe rangi.

Maji ya kisima yenye chumvi yanafaa kwa kuosha mara za kwanza, lakini suuza ya mwisho fanya kwa maji ya chupa au ya mvua. Chumvi huacha ukoko ule ule unaoukimbia. Na hapa naomba nisikilizwe na kila msomaji: wapo wanaoshauriwa kununua “maji ya betri” kwa kuwa yametoneshwa. Madukani kwetu jina hilo hubeba vitu viwili, maji safi na asidi ya salfa. Chupa zinafanana. Asidi itaila nibu ya chuma, na kabla ya hapo itakuunguza wewe.

Wapo pia wanaoongeza maji kwenye wino ili udumu. Mtengenezaji ametia kiasi fulani cha dawa ya kuzuia ukungu. Ukiuzimua unaizimua na dawa. Katika unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa chupa ya namna hiyo huota utando, na utando ukiingia kwenye fidi unahamia kwenye kila kalamu utakayoijaza humo. Wino uliobaki ndani ya konvata usiurudishe chupani kwa sababu hiyo hiyo. Na usichanganye wino wa kampuni mbili bila kuujaribu kwanza ndani ya kichupa kwa siku kadhaa: wenye asidi ukikutana na wenye alkali unaweza kuganda vipande vipande.

Kauli hiyo ya wino ni wino haiharibu kalamu tu. Inaharibu nyaraka, na kwako wewe mwalimu hili ni zito. Wanafunzi na makarani wanajaza fomu kwa kalamu ya Pilot Frixion kwa sababu inafutika vizuri. Wino wake hupoteza rangi ukifika takriban nyuzi 60 za Selsiasi, kwa makusudi, ndivyo ulivyoundwa. Bahasha iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari juani, au karatasi iliyopitishwa kwenye mashine ya kulaminisha, inaweza kutoka nyeupe. Bluu ya shule inayoitwa ya kufulika nayo hutoka kwa maji na hufifia kwa mwanga. Iandikie maandalio ya somo, usiitie sahihi kwenye cheti. Kwa hati ya kudumu tafuta peni au refili iliyoandikwa ISO 12757-2, hicho ndicho kiwango cha kalamu za bolpeni kwa nyaraka. Kwa za jeli ni ISO 27668-2. Uingereza wasajili wa ndoa na vifo walitumia kwa miaka mingi wino maalumu wenye madini ya chuma, unaozama kwenye karatasi na kuwa mweusi kadiri unavyokaa. Huo nao una asidi. Ukiutia kwenye Safari yako utalazimika kuiosha mara kwa mara, la sivyo utaila nibu.

Ukishaisafisha, itie wino wowote ulioandikwa waziwazi kuwa ni wa kalamu za wino: Quink, Pelikan 4001, au wa Lamy wenyewe. Bluu ya kawaida ndiyo inayosafishika kwa urahisi kuliko zote, anza nayo. Andika kurasa mbili tatu kwa siku kwa muda wa wiki. Ikiwa bado inagoma asubuhi, niandikie unieleze maji ya mwisho yalitoka na rangi gani na kama mstari unafifia pia unapoandika polepole. Hapo huenda fidi haikombolewi, na sehemu ya mbele ya Safari hubadilishwa peke yake bila kutupa kalamu. Nibu nayo huchomoka kwa kuvutwa mbele, na mpya huuzwa bila kalamu.