Bodi Isiyojua Herufi F: Nilivyotafuta Ugonjwa wa Apple-1 Niliyojijengea

Usiku wa kwanza nilipowasha, skrini ilijaa ]@]@]@]@ kutoka juu hadi chini. Nikaruka kwenye kiti, nikapiga picha kwa simu, nikawatumia jamaa zangu wawili wenye ugonjwa kama wangu. Laiti ningeitazama ile picha vizuri, ningejiokolea wiki mbili.

Kwa asiyeijua, Apple-1 ni kompyuta aliyoibuni Steve Wozniak mwaka 1976. Ziliundwa kama 200 tu, zikauzwa dola 666.66 kila moja, na ulichokuwa unanunua ni mazabodi peke yake: transfoma, kibodi, kasha na skrini ulijitafutia. Leo zilizobaki ziko kwenye makumbusho au kwenye minada ya watu wenye mamia ya maelfu ya dola. Sisi wengine tunanunua bodi tupu iliyonakiliwa mstari kwa mstari, tunaokoteza IC (vile vijisanduku vyeusi vyenye miguu, vinavyobeba saketi ndani) moja moja, halafu tunalehemu wenyewe. Mimi nimekula ugali wa kutengeneza televisheni miaka mingi, kwa hiyo nilidhani hii itakuwa kazi ya wikiendi moja.

Anza na umeme, na soketi zote zikiwa tupu. Usiweke hata IC moja. Kitabu cha asili kinataka transfoma mbili: moja ya volti 8 hadi 10, nyingine ya volti 28 yenye waya wa katikati. Transfoma za Kimarekani zilizotumika wakati ule zilikuwa za volti 115. Huku kwetu ukutani kuna 230, na nimemwona mtu aliyesahau hilo. Moshi ulitoka kabla hajaondoa mkono kwenye swichi. Mimi niliona agizo la nje litanimaliza, nikaenda kwa mzee anayesuka transfoma Kariakoo. Nilimwamkia, nikamwonyesha karatasi. Akaniuliza, "Kijana, hii redio gani inataka umeme wa aina nyingi hivi?" Nikamwambia si redio, mzee wangu, ni kompyuta ya mwaka 76. Alinitazama kama mtu aliyekuja kukopa.

Bodi inatengeneza volti nne: +5, +12, -12 na -5. Mtego uko kwenye zile hasi. Regileta (kidhibiti volti) 7812 miguu yake, ukiisoma kutoka kushoto, ni kuingia, ardhi, kutoka. Ndugu yake 7912 anafanana naye sura kabisa, lakini kwake ni ardhi, kuingia, kutoka, na lile bati la mgongoni halijaungwa na ardhi, limeungwa na umeme unaoingia. Ukiliacha liguse bati la jirani, umepata shoti ya bure. Kapasita za upande hasi nazo hugeuzwa: mguu wa chanya ndio unaokwenda ardhini. Moja niliigeuza mimi mwenyewe. Haikulipuka, ilivimba tu taratibu kichwani, nami nikaitoa kwa adabu.

Pima volti kwenye matundu ya soketi zenyewe, usiishie kwenye regileta. Kuna soketi moja ambayo kwenye regileta nilikuwa na 5.02, kwenye tundu hakuna kitu. Mguu wake ulikuwa umejikunja chini ya tumbo la soketi badala ya kupenya kwenye shimo, na kwa juu ilionekana imekaa vizuri kama wenzake.

Sasa jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo ufunguo wa bodi hii. Apple-1 ni mashine mbili zilizobandikwa pamoja. Upande mmoja ni kompyuta: prosesa 6502, kumbukumbu, PROM mbili (IC zenye programu iliyoandikwa humo moja kwa moja), na ile IC ya 6820 inayopokea kibodi. Upande wa pili ni terminali inayochora herufi, mistari 24 yenye herufi 40 kila mmoja. Terminali haijui kama prosesa ipo au haipo. Unaweza kuiwasha huku soketi ya 6502 ikiwa tupu, na bado ikachora. Kwa hiyo jaza IC za upande wa picha kwanza, washa, uone. Ikiwa nzima, skrini itajaa _ na @ zikipishana, kwa sababu rejista zinazobeba herufi zinaamka na takataka zenye mpangilio huo. Ukibonyeza swichi ya kufuta skrini, kila kitu kinaondoka, inabaki @ moja inapepesa kwenye kona ya juu kushoto.

Yangu ilifuta vizuri na @ ikapepesa. Nikatosheka. Nimeshawaambia picha yangu ilikuwa na mabano, ]@, wala siyo _@. Niliona ni takataka kama takataka nyingine.

Nikaweka upande wa pili, nikabonyeza riseti. Hapo mashine inatakiwa ichore alama ya \ na kushuka mstari, maana yake niko tayari, niamuru. Yangu ilikaa kimya. Bonyeza tena, kimya.

Hapa ndipo wengi wetu tunaanza kununua prosesa nyingine. Ngoja kwanza. Kama umeshanunua prosesa mpya ya kampuni ya WDC, W65C02S, ukadhani ni ileile, jua kwamba mguu wa 1 kwenye 6502 ya zamani ni ardhi, wakati kwenye W65C02S mguu huohuo unatoa ishara. Ukiuchomeka hivyo hivyo, unashotisha IC yako mpya kwa mkono wako. Na mguu wa 36, ambao wa zamani haukuwa na kazi, kwenye mpya lazima uvutwe juu.

Kipimo cha prosesa ni rahisi na hakigharimu kitu. Chukua soketi ya ziada ya miguu 40, kata miguu ya 26 hadi 33 isifike kwenye bodi, kisha kwa upande wa juu weka rezista za kilo-omu moja: miguu 26, 27, 28, 30 na 32 ivute kwenye +5, na 29, 31 na 33 ivute ardhini. Hiyo ni namba EA (mashine hii inaandika namba kwa tarakimu 0 hadi 9 na A hadi F), amri ya "usifanye kitu, songa mbele". Prosesa ikilishwa amri hiyo tu, inahesabu anwani zote kuanzia mwanzo hadi mwisho na kurudia, kama mtoto anayetumwa kuhesabu milango ya mtaa. Gusa mguu wa 25, ile A15, kwa kalamu ya kupimia mantiki. Prosesa nzima kwenye bodi hii itawasha na kuzima taa ya kalamu kama mara saba kwa sekunde, unaiona kwa macho. Saa ya mashine ni megahezi 1.023, lakini katika kila mipigo 65, minne inaibwa kwa ajili ya kuhuisha kumbukumbu, kwa hiyo usishangae ukipata pungufu kidogo ya hesabu yako.

Yangu iliwaka mara saba. Prosesa haina kosa, saa haina kosa, njia za anwani hazina kosa. Ilibaki ile programu yenyewe. Apple-1 ina programu ya kuanzia ya baiti 256 tu (baiti ni biti nane, na biti ni 0 au 1), na imegawanywa kwenye PROM mbili za biti nne nne: moja ina nusu ya juu ya kila baiti, nyingine ina nusu ya chini. Zilinifikia zikiwa zimeshaandikwa, zina stika nyeupe zinazofanana, na wino wa moja ulikuwa umefutika. Mnaona linakokwenda.

Kilichonipoteza ni kwamba nilipopima, prosesa baada ya riseti ilikuwa inakwenda kweli FF00, mahali programu inapoanzia. Nikasema basi PROM zinasomeka. Kumbe anwani hiyo imeandikwa kama 00 na FF. Badilisha nusu ya 00 na nusu yake nyingine, unapata 00. Badilisha za FF, unapata FF. Zikikaa kinyume, mashine inafika nyumbani salama, lakini ikifungua mlango, amri ya kwanza ambayo ilipaswa kuwa D8 inaisoma 8D, na kutoka hapo ni kuropoka. Nilizibadilishana nafasi, nikabonyeza riseti, \ ikatokea. Dakika moja ya kazi baada ya jioni tatu za kupima.

Furaha haikukaa. Niliandika FF00.FF03, yaani nionyeshe baiti nne za kwanza. Jibu linalotakiwa ni FF00: D8 58 A0 7F. Kwenye skrini nilipoandika ilionekana DD00,DD01 na mashine ikajibu:

DD008 D8 58 A0 5D

Nikalaumu kibodi. Niliifungua, nikasafisha, nikafuatilia waya mmoja mmoja mpaka kwenye soketi yake. Mwanangu wa darasa la sita alikuwa pembeni anafanya hesabu zake, akainua kichwa, "Baba, mbona hii haijui F?" Nikamwambia aendelee na kazi yake. Baada ya muda, "Na 2 haijui. Na 7." Nikaweka bisibisi chini.

Tulichukua daftari lake. Nikamwambia aniandikie ABCDEFG kwenye kibodi. Skrini ikatoa A@ADEDE. Ndani ya mashine A ni 1, B ni 2, C ni 3, hivyo hivyo mpaka G ambayo ni 7, na @ ni sifuri. B imekuwa @: mbili imekuwa sifuri. C imekuwa A: tatu imekuwa moja. F kutoka sita kwenda nne, G kutoka saba kwenda tano. Kila herufi yenye ile mbili ndani yake (3 ni 2 na 1, 6 ni 4 na 2, 7 ni 4, 2 na 1) imeporwa mbili. Zisizo nayo, A, D na E, ziko salama. Nukta imekuwa mkato na nukta pacha imekuwa 8 kwa wizi huohuo. Ni biti moja, imekwama kwenye sifuri.

Lakini imekwama wapi? Tazama jibu tena. Kama kibodi ndiyo iliyokuwa inageuza F kuwa D, basi mashine ingekwenda kusoma DD00, mahali ambapo kwenye bodi yangu hakuna kitu. Lakini iliniletea D8 58 A0, maneno ya FF00 hasa. Ilinisikia vizuri na ikanijibu vizuri. Mdomo ndio uliopinda. Kibodi, prosesa na kumbukumbu zote zikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa kwa mstari mmoja wa skrini. Halafu ndipo nikakumbuka picha kwenye simu. Alama ya _ ukiipora ile mbili inakuwa ]. Ugonjwa ulikuwepo tangu usiku wa kwanza, kabla prosesa haijaingia kwenye soketi.

Upande wa picha herufi inasafiri kwa njia sita, biti moja kila njia, kutoka kwenye rejista hadi IC ya 2513 inayojua maumbo ya herufi. Rejista hizo, 2504, siku hizi ni adimu na bei yake inauma, na wapo wanaofuta maandishi ya IC nyingine na kuchapa namba hiyo juu, kwa hiyo sikutaka kuzigusa ovyo. Nilizima umeme, nikachomoa 2513, nikapima omu kati ya ardhi na kila mguu wa njia zile sita. Hapa usiulize namba sahihi ni ngapi. Njia sita zinazofanya kazi moja zinapimana zenyewe. Tano zilinipa namba zinazokaribiana. Ya sita, sifuri.

Nilipeleka bodi dirishani, asubuhi, jua likiingia kwa ubavu, nikatumia kioo cha kukuzia. Uzi wa risasi mwembamba kama unywele ulikuwa umelala kati ya mguu wa soketi na njia ya ardhi, chini ya utepe wa mafuta ya kulehemu ambayo niliona uvivu kuyasafisha. Nilipitisha ncha ya wembe, nikapangusa kwa spiriti na mswaki wa zamani.

Kumbukumbu nayo ilinisumbua kidogo, ila baada ya hayo ilikuwa kazi nyepesi. Kila benki, yaani kundi la IC za kumbukumbu, ina IC nane, kila IC inashika biti moja, kwa hiyo ukiandika A9 ukasoma A8, biti ya mwisho imekosea, na unajua ni IC ipi ya kubadilisha bila kupiga ramli.

Jioni nikaandika programu ya majaribio iliyomo kwenye kitabu cha asili, 0:A9 0 AA 20 EF FF E8 8A 4C 2 0, nikabonyeza R, amri ya kuiendesha. Inachapa herufi zote inazozijua, moja baada ya nyingine, 60 kwa sekunde, bila kukoma. Mwanangu alivuta kigoda akakaa karibu na skrini, kidole hewani, anangoja F ipite.