Punda aliyebeba maji akafa kwa kiu

Punda niliyerithi kwa baba aliitwa Tajiri. Baba alimpa jina hilo kwa mzaha, eti ule msemo wa "punda afe, mzigo wa tajiri ufike" ukitajwa kwetu, punda na mwenye mzigo wawe mmoja. Tulicheka miaka mingi. Halafu ikaja Januari moja ya kiangazi, mifereji ya Kaptembwa imekauka wiki ya pili, na mtaa mzima unatutegemea.

Kazi yetu hapa Nakuru ni maji. Mkokoteni wangu hubeba mitungi kumi ya lita 20, kutoka kisimani hadi kwenye ploti za watu. Wiki hiyo tulikuwa tunapiga safari kumi kwa siku. Jioni kijana wangu anamfungua Tajiri, anamtupia mabua makavu ya mahindi, kisha anamwachilia atangetange mtaani hadi alfajiri, kama wafanyavyo wengi huku. Asubuhi moja tukamkuta amesimama pembeni ya ua, kichwa chini, masikio yamelegea. Pumba hakugusa. Nikasema amechoka tu, apumzike.

Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo hata mpita njia atajua: anajibwaga, anagaagaa, jasho linamtoka, anageuka kutazama ubavu wake, anajipiga tumbo kwa kwato. Punda ni ndugu yake, lakini ana tabia ya wazee wa zamani, haumwi mpaka azikwe. Ataacha kula, atasimama kimya au atalala saa zisizo zake, basi. Ukiona punda anagaagaa kwa maumivu, mambo yameshaharibika. (Kule kugaagaa vumbini jioni kisha anajikung'uta ni starehe yake, usikimbilie daktari.) Kitu cha kutazama kwanza ni mavi. Kama pale alipolala hakuna hata fundo moja, na chakula kimebaki, piga simu asubuhi hiyo hiyo. Tena punda aliyeacha kula hata kwa siku moja au mbili, hasa mnene au mwenye mimba, mafuta yake ya mwilini humwagika kwenye damu na kumletea ugonjwa wa pili ulio mbaya kuliko wa kwanza.

Mimi nilingoja. Mchana kijana, kwa nia njema kabisa, akainua kichwa cha Tajiri na kummiminia chupa ya mafuta ya kupikia. Usifanye hivyo hata jirani akikuapia. Mafuta huteleza yakaingia mapafuni. Daktari wa mifugo akitaka kumpa mafuta au maji hupitisha mpira puani hadi tumboni, na kabla ya hapo huhakikisha umefika panapotakiwa. Na kumbuka farasi na punda hawawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutokea.

Daktari alifika jioni. Akaweka kifaa chake ubavuni, kushoto, kulia, akanipa nami nisikilize. "Mama, hapa panatakiwa pangurume kama sufuria ya githeri," akaniambia. Nilisikia pumzi zangu mwenyewe. Tajiri hakufika asubuhi.

Alipopasuliwa tuliona kisa chote. Utumbo mpana una mahali unapojikunja na kuwa mwembamba, na hapo palikuwa na donge gumu kama kichwa cha kabichi: mabua, karatasi za plastiki za mkate, na kipande cha kamba ya manila. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Kenya Agosti 2017, lakini nenda jalala lolote uone kilichobaki. Punda mwenye njaa usiku hachagui.

Nikadhani plastiki ndiyo muuaji. Daktari akasema huenda ilikaa humo miezi mingi bila shida. Kilichoikaza ni kiu. Punda anaweza kuwa amekaukiwa na maji na bado anakula, kwa hiyo hutagundua. Lakini mwili ukikosa maji huyanyonya utumboni, na mabua yanashikana kama saruji. Nikapiga hesabu: Tajiri alivuta lita 2,000 za maji kwa siku. Yeye mwenyewe alipewa ndoo moja, usiku, ndoo iliyofuliwa nguo. Na punda kwa maji ni mteuzi; ikinuka sabuni anageuza uso.

Sasa nina karai lake pale kisimani, na mtungi wa kwanza haujazwi kabla hajanywa. Kila safari. Kwenye joto akimaliza lita 20 na zaidi sishangai. Usiku analala ndani ya ua na nyasi zake. Nikibadilisha chakula nachanganya kidogo kidogo kwa siku kumi hivi, na pumba naipima kwa kikombe, maana ikizidi inachacha tumboni na kujaza gesi. Dawa ya minyoo natoa kwa uzito anaokadiria daktari, si kwa macho yangu.

Meno ndiyo niliyachelewa zaidi. Malkia, punda niliyenunua baadaye, alikuwa anaacha vitonge vya nyasi zilizotafunwa nusu chini ya hori lake. Nilikuwa navifagia tu. Kumbe magego yake yalikuwa na ncha kali zinazomkata shavu, akawa anameza nyasi ndefu bila kuzisaga. Daktari akayapiga tupa, nikatoa pesa nikinung'unika, na baada ya wiki mavi yake yakawa laini, hayana tena nyuzi ndefu. Siku hizi anakaguliwa kila mwaka.

Kijana wangu naye amegeuka mtaalamu. Asubuhi simu inalia kabla sijaosha uso, na hata salamu hakuna: "Mama, Malkia amekunya mara tatu."