Semi linachemsha Kitonga, nitoe themostati?

SWALI: Shikamoo fundi, napeleka semi Dar mpaka Tunduma, tambarare geji ya joto inakaa 85 ila nikianza kupanda mlima Kitonga na mzigo inafika 105, nimeambiwa nitoe themostati, nitoe?

JIBU: Marahaba kaka. Usiitoe tafadhali, hiyo ndo inazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ukiitoa injini itakua ya baridi muda wote, itakula dizeli na kulika bure. Kama tambarare iko poa na shida ni mlimani tu, mara nyingi rejeta haipitishi upepo au klachi ya feni (inayoishika feni izunguke injini ikipata moto) imechoka. Chungulia kati ya rejeta na intakula (ile ya kupoza hewa ya tabo), hapo vumbi na wadudu wanagandamana kama blanketi na ukisimama mbele huoni kitu, puliza upepo kutokea upande wa injini. Feni nayo, injini ikipata moto lazima uisikie inanguruma, ikiwa kimya klachi imekufa hiyo.

Mlimani shusha gia mapema ili wota pampu na feni zizunguke vizuri, usilazimishe gia kubwa. Ikizidi paki pembeni, iache iungurume taratibu dakika chache ndo uzime, ila kama maji yamevuja yote zima hapo hapo. Na mfuniko wa rejeta usiuguse mpaka ipoe kabisa, nishaona utingo kababuka mkono wote mpaka kwenye kiwiko.